Kabla Hamjanunua Kiyoyozi Kipya cha Chumba cha Bi Harusi



Wiki mbili kabla ya harusi ya binti wa dada yetu, kiyoyozi cha chumba alichoandaliwa kilianza kupuliza hewa ya moto. Ilikuwa mwezi wa Shaabani, joto la kaskazi limekaza, na usiku wa Fuoni hauna hata upepo wa kutikisa pazia. Kitanda kimeshafungwa, makabati yamepangwa, mapazia yametundikwa. Somo akaja kukitazama chumba, akakaa dakika kumi, akatoka anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio wake. "Singo yote hii tunayomsugua," akasema, "humu itayeyuka siku moja." Basi ikawa ndiyo habari ya nyumba nzima.

Bwana harusi alikuwa ameshatoa alichokuwa nacho. Mawifi wakakata shauri: kile kizee, kina miaka sita, kitolewe kiwekwe kipya, watu wanakuja kutazama chumba. Na bi harusi wetu, ambaye alikuwa ameshawekwa ndani na hana wa kumuuliza ila simu yake, akatuma ujumbe kuwa basi fedha itoke kwenye mahari yake, yaishe.

Hapo ndipo tulipoinuka.

Tuseme mapema tunachokiamini, ili atakayekasirika akasirike mapema. Kiyoyozi kikiharibika, wengi wetu tunaamua kununua kipya au kutengeneza cha zamani kabla ya mtu yeyote kukifungua. Tunaamua kwa kuwatazama wageni, mashine yenyewe hatuitazami. Na msimu wa harusi, anayelipia haraka hiyo mara nyingi ni bi harusi mwenyewe, kwa fedha ambayo si ya kiyoyozi.

Mahari ni haki ya mwanamke. Suratun Nisaa, aya ya 4, imelimaliza hilo: apewe, na mume afaidike tu na kile ambacho mke amekiachia kwa ridhaa ya nafsi yake. Kuna watakaosema, si ameridhia mwenyewe? Tunawauliza, ridhaa ya msichana aliyefungiwa ndani wiki mbili, anayesikia mawifi wakinong'ona ukumbini kuhusu joto la chumba chake, ni ridhaa gani? Akija kuwa na nyumba yake, mwaka umepita, na akaamua kwa utulivu kumsaidia mumewe kununua mashine, hiyo ni sadaka nzuri na ana ujira wake. Wiki mbili kabla ya harusi hatuiiti ridhaa. Tunaiita aibu iliyovaa buibui.

Turudi kwenye mashine. Fundi wa kwanza alikuja asubuhi, akawasha, akaweka mkono penye hewa, akasema gesi imekwisha. Hakufungua kitu. Akataja bei ya kujaza, kisha akashauri kwa sauti ya huruma kwamba kwa umri wake ni bora kununua mpya, na yeye anajua duka. Tukamshukuru, tukampa nauli.

Wa pili alikuwa mzee wa Jang'ombe, aliyekuwa akitengeneza majokofu tangu sisi tuko skuli. Alipanda juu kwenye mashine ya nje, akasikiliza. Akatuita tusikilize na sisi. Mashine ilikuwa inavuma kidogo, kama mtu anayetaka kuinuka na magoti hayamkubali, kisha inanyamaza. Baada ya dakika chache inavuma tena, inanyamaza. Akazima swichi kuu, akafungua ubavu, akatoa kikopo cha bati kirefu kama kopo la maziwa ya unga lile dogo. Kichwa chake kilikuwa kimevimba. "Kapasita," akasema. Hicho ndicho kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza kuzunguka. Kikifa, feni ya ndani inaendelea kupuliza kama kawaida, rimoti inaonyesha nyuzi 18, na chumba kinapata hewa ile ile ya moto ikizungushwa. Joto na umeme unaopanda na kushuka ndivyo vinavyokiua kapasita, na vyote viwili tunavyo kwa wingi.

Akabadilisha. Akaosha kwa maji ya kawaida yale matundu ya nyuma yaliyojaa vumbi na ukungu mweupe wa chumvi, taratibu, asivipinde vile vibati vyembamba vya aluminiamu. Baada ya robo saa chumba kikawa baridi mpaka somo akaomba shuka. Gharama yote, kapasita na kazi, ilikuwa chini ya tulichomlipa mpiga hina.

Hatusemi kila mashine itatoka hivi. Tunasema kwamba mawifi, fundi wa kwanza na bi harusi mwenyewe wote walikuwa wameshaizika mashine ambayo ilikuwa na kikopo kimoja kibovu.

Sasa hili la gesi tulisimamie kidogo, kwa sababu ndilo tunalopigiwa simu kuliwa fedha kila kaskazi. Gesi ya kiyoyozi si kama gesi ya jikoni. Ya jikoni inaungua, inakwisha, unapeleka mtungi. Ya kiyoyozi haiungui wala hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inachukua joto la chumbani na kwenda kulimwaga nje, inarudi, inachukua tena, miaka nenda miaka rudi. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza umri wake na gesi ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwa hiyo fundi akikwambia gesi imekwisha, swali la kwanza ni moja: imetokea wapi? Ikiwa imepungua kweli, pana tundu. Anayejaza bila kutafuta tundu amekujazia ndoo inayovuja, na atarudi, na wewe utamlipa tena.

Kutafuta tundu si uchawi. Fundi anapaka povu la sabuni kwenye maungio na kutazama pa kutoa mapovu. Likipatikana linachomelewa au ungio linafungwa upya, kisha hewa na unyevu vinavutwa kutoka ndani ya mabomba kwa pampu kabla ya kutia gesi, na gesi yenyewe inapimwa kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye bati la mashine. Fundi asiye na mizani wala pampu, anayetia mpaka "mkono uhisi baridi", anakisia tu. Na akitaka kutia gesi isiyokuwa ile iliyoandikwa kwenye bati, mwambieni ashuke ngazi.

Ishara nyengine ya gesi kupungua ni barafu kwenye bomba au ndani ya mashine. Lakini barafu hiyo hiyo hutokea pia chujio likiziba. Na hapa tuseme ukweli wetu wanawake wa visiwani: udi. Chumba cha bi harusi kinafukizwa asubuhi na jioni, nguo zinafukizwa, nywele zinafukizwa, na kiyoyozi kinavuta moshi wote ule. Tulipotoa chujio la chumba kile cha Fuoni lilikuwa limeganda rangi ya kahawia, linanata, na linanukia vizuri kweli. Hatusemi acheni udi, tutafukuzwa mjini. Zima kiyoyozi, fukiza, fungua dirisha kidogo, ndipo uwashe. Na chujio lioshwe kwa maji na sabuni kila baada ya wiki mbili, likaushwe kivulini, lirudishwe. Hiyo kazi haihitaji fundi wala mume.

Maji yanayodondoka ukutani, mara nyingi ni mrija wa kutolea maji umeziba kwa utelezi au mashine imefungwa imeinama upande usiofaa. Rimoti haifanyi kazi, badilisha betri kabla ya kulia. Hayo si ya kununulia mashine.

Wakati mwengine mashine haina kosa lolote. Bibi zetu waliolala kwenye nyumba za mawe za Mji Mkongwe walikuwa na kuta nene, dari ndefu na madirisha yanayopishanisha upepo. Sisi tumejenga kuta nyembamba za matofali, tukaweka vioo upande wa machweo, tukaezeka bati na kulifunika kwa dari jembamba, halafu tunaituhumu mashine ya BTU 9,000 kuwa imechoka. Ukuta unaopigwa na jua tangu adhuhuri mpaka magharibi utaendelea kutoa joto mpaka usiku wa manane, hata ukifunga mashine mpya mara mbili. Pazia zito, la rangi isiyokoza, likifungwa kuanzia saa saba mchana, na kitambaa cha kuziba mwanya wa chini ya mlango, ni vitu vya kujaribu kabla ya kwenda dukani.

Mpaka hapa tunaonekana kama watetezi wa mashine kuukuu. Sasa tusikilizeni tulivyokosea upande wa pili.

Nyumbani kwa mmoja wetu, Kizingo, upepo wa bahari huacha chumvi mpaka kwenye vioo vya madirisha. Palikuwa na kiyoyozi alichonunua marehemu baba. Miaka kumi na moja. Kilikuwa kinatumia gesi ya zamani, R22. Kilipoanza kupoa vibaya tulijaza. Baada ya miezi miwili tukajaza. Fundi akapata tundu, akachomelea. Wiki tatu baadaye likafunguka jengine pembeni yake. Shaba na aluminiamu zikikaa pamoja penye maji ya chumvi, aluminiamu huliwa, na vile vibati vya nyuma vilikuwa vinamomonyoka kwa kidole kama keki ya jana. Tulichomelea mara mbili zaidi. Tukabadilisha feni ya nje. Tulikuwa tunajiambia tunakwepa israfu, tunatunza kumbukumbu ya baba. Siku tuliyokaa na kalamu tukajumlisha risiti za kaskazi mbili, tulikuwa tumelipa bei ya mashine mpya na kuzidi, na bado tunalala na pangaboi.

Hiyo nayo ni israfu. Tumezoea kuwaza kuwa mbadhirifu ni yule anayenunua, lakini Suratul Furqan, aya ya 67, inawasifu wale wanaotoa mali kwa wastani baina ya kupindukia na kufanya uchoyo. Sisi tulikuwa tunafanya uchoyo wa mashine mpya huku tunapindukia kwa mafundi.

Na R22 ina jambo lake. Ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinaiondoa hatua kwa hatua mpaka 2030. Maana yake kwetu ni kwamba kila mwaka inazidi kuwa adimu, na kila tundu kwenye mashine ya aina hiyo ni tundu kwenye mkoba wako. Mashine mpya nyingi zinatumia R32 au R410A. Ikiwa bati la mashine yako limeandikwa R22, na inavuja, na redieta ya nje imeliwa na chumvi, msiiguse tena. Mwacheni fundi aitoe gesi iliyobaki kwenye mtungi, si kuifungulia hewani, na muage mashine kwa heri.

Wamarekani wana hesabu yao ambayo watu huitumiana sana: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo kwa dola, ikizidi 5,000, nunua mpya. Tuliijaribu. Mashine ya miaka kumi, matengenezo ya dola 200, jawabu ni 2,000, kwa hiyo tengeneza! Lakini hiyo ni hesabu ya mitambo yao mikubwa ya kupoza nyumba nzima, inayogharimu maelfu ya dola. Kwa kiyoyozi chetu cha chumba kimoja, ambacho kipya huenda kikawa dola mia tatu au mia nne, dola 200 ni nusu ya mashine. Ukiifuata hesabu yao huku kwetu utatengeneza mpaka kiama.

Sisi tunakwenda hivi, na ni rai yetu tu. Mashine ikiwa chini ya miaka mitano na kompresa ni nzima, tengeneza, na usisikilize mtu. Ikiwa kati ya hapo na miaka minane, tengeneza ikiwa gharama haifiki nusu ya bei ya mpya. Wanaokaa karibu na bahari wahesabu theluthi badala ya nusu, kwa sababu chumvi haisubiri miaka minane. Kompresa ikifa na dhamana imekwisha, au redieta ikiwa imetoboka mahali zaidi ya pamoja, nunua. Na ukilipia ubovu ule ule mara mbili ndani ya msimu mmoja, mara ya tatu usilipe.

Umeme nao uingie kwenye hesabu, maana kwa TUKUZA kila mtu anaziona uniti zake zikikimbia. Kiyoyozi cha zamani cha BTU 12,000 hula kilowati moja na kitu kompresa inapozunguka, na usiku mmoja wa saa nane unaweza kuondoka na uniti sita au saba. Zile za inveta hazizimi na kuwaka kwa kishindo. Chumba kikishapoa, kompresa hupunguza mwendo na kuendelea taratibu, na kwa anayelala nayo usiku kucha tofauti inaweza kufika theluthi moja au zaidi. Anayewasha nusu saa tu kabla ya kulala hataiona tofauti hiyo, asidanganywe. Tena inveta ina bodi ya elektroniki, na bodi hiyo inaogopa umeme unaochezacheza kuliko mashine ya zamani inavyoogopa. Bodi ikiungua, bei yake huliza. Ukinunua inveta, nunua pamoja na kifaa cha kukata umeme unapopanda au kushuka kupita kiasi. Ukiona ghali, hujaona bei ya bodi.

(Umeme wetu wa Unguja unatoka Bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na wakubwa wanakumbuka ule ulipokufa, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya kiza. Walioolewa miezi ile waliingia vyumbani kwa kipepeo cha ukili na taa ya mafuta, na watoto wao leo wako sekondari.)

Kuna njia ya tatu ambayo mabwana harusi wanaipenda: mashine iliyotumika, kutoka Dubai au kwengineko, kwa nusu ya bei. Hatuiharamishi. Lakini mashine iliyofanya kazi miaka mitano Dubai imefanya kazi majira marefu ya joto bila kupumzika, na umri wake si umri wa miaka mitano. Ya Japani ina balaa jengine, kwani umeme wa nyumbani kwao ni volti 100 na wetu ni 230, kwa hiyo soma bati kabla ya kutoa fedha. Muulize muuzaji inatumia gesi gani. Mwambie aiwashe mbele yako nusu saa. Sote tunakijua kisa cha Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipotia mkono ndani ya rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa, na alichomwambia muuzaji. Anayekataa mashine isiwashwe mbele ya mnunuzi anajua nini kimelowa.

Na kukopa kwa riba ili chumba kipoe siku saba za fungate, hilo hatulijadili. Cheza upatu na mashoga zako, subiri zamu yako.

Sasa jambo ambalo hatujaona watu wakilisema waziwazi. Fundi akija, sisi wanawake tunajifungia jikoni. Ni haki yetu na ni stara, hakuna anayetaka mwanamme wa kando chumbani kwake na mume hayupo. Lakini matokeo yake ni kwamba fundi anakaa saa nzima na mashine peke yake, na tunachokijua ni kile anachotuambia mlangoni akiondoka. Tumebadilishiwa kapasita nzima kwa nzima, tukalipa. Tumeambiwa kompresa imekufa, ikachukuliwa "bure" ili kutusaidia kuitupa, tukaja kusikia inafanya kazi Chake Chake.

Kwa hiyo usimwite fundi wakati uko peke yako. Mpange siku mume yupo, au kaka, au mtoto wa kiume aliyepata akili, mlango uwe wazi, na wewe ukiwa na hijabu yako simama pale unapoweza kuona. Uliza: ubovu ni nini? Nionyeshe. Cha zamani kiache hapa. Umejaza gesi gani, gramu ngapi? Muandikie kwenye karatasi, tarehe na bei, uibandike ndani ya mlango wa kabati. Hakuna aya inayokukataza kujua mashine ya nyumba yako. Na waume nao wasione ni jambo la kudharaulika kushika bisibisi. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alieleza kuwa Mtume alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake mwenyewe nyumbani.

Tunajua yupo msomaji anayesema: nyinyi mnatusomesha mambo ya kapasita, harusi ni mara moja, mwacheni mtoto aingie kwenye kitu kipya. Tunamuelewa. Na sisi tuliingia kwenye vitu vipya, na raha yake tunaijua. Ikiwa fedha ipo, imetoka kwa anayepaswa kuitoa, na hakuna deni nyuma yake, nunueni, tutakuja kutazama na tutasema mashaallah. Ugomvi wetu ni na fedha isiyokuwepo, na mtoto anayeambiwa kwa macho kuwa chumba chake kinatia aibu.

Harusi ilifanyika Ijumaa ya mwisho ya Shaabani. Wageni wa kike walipita chumbani kwa makundi, wakasifu mapazia, wakauliza udi ule umetoka wapi. Hakuna hata mmoja aliyetazama juu ukutani. Bati la mashine bado lina mkwaruzo upande wa kushoto, na wifi mkubwa alikuwa ametundika ua la plastiki kulifunika, tukaliondoa kwa sababu lilikuwa linaziba hewa.

Mahari yake aliiweka. Kaskazi ya mwaka huu alitupigia simu, mashine inatoa kelele. Tukamuuliza kelele ya wapi, ya ndani au ya nje? Akasema ya ndani, kama kitu kinagonga. Akaambiwa azime, atoe chujio, atazame. Alikuwa ni mjusi, maskini, amekwama kwenye feni. Mume wake ndiye aliyemtoa, kwa kijiti cha mshikaki. Wameshakubaliana wenyewe wawili kuwa ikifika kusi, mafundi wakiwa hawana haraka, watamwita yule mzee wa Jang'ombe aikague yote, na jawabu lake ndilo litakaloamua.